Mwaka Majirani Walipoacha Kuomba Moto

Mimi ni mtu wa kubishana na redio. Wajukuu wangu wamezoea. Wakinisikia nasema peke yangu jikoni, wanajua taarifa ya habari imeanza. Juzi mtangazaji alisema Dokta Kusum, mkemia wa hewa mzaliwa wa Shinyanga, amefariki dunia huko ughaibuni akiwa mzee wa kuheshimika. Alieleza kwamba alikuwa miongoni mwa watu wa kwanza kuuonyesha ulimwengu jinsi moshi wa mioto ya nyasi unavyopanda juu, ukapigwa na jua, ukageuka hewa ya namna nyingine, ukasafiri mpaka juu ya bahari ambako hakuna hata jani la kuungua. Akasema marehemu alipanda ndege ndogo na kupita katikati ya moshi akiwa na chupa zake, akatunukiwa, akafundisha maprofesa wa leo. Yote hayo niliyasikiliza kimya, mwiko mkononi. Kisha akamalizia kwa kusema kwamba aliwahi pia kufanya utafiti katika vijiji vya Afrika Mashariki. Hapo niliuweka mwiko chini. "Kijiji kina jina, baba," nilimwambia. "Na lile jiko lina mwenyewe." Halafu nikakaa kwenye kigoda nikalia, na mjukuu wangu mdogo akaja kuzima redio akidhani ndiyo iliyonikosea.

Nilikuwa na miaka kumi na tisa mwaka ule, nikikaa na bibi yangu mzaa baba upande wa Kishapu, si mbali na Mhunze. Watu wa rika langu wakiutaja wakati ule hutaja foleni kwanza. Sabuni kwa foleni, sukari kwa foleni, na kiberiti hata foleni yake haikuwepo, maana hakikuwepo chenyewe. Ndiyo maana kila jioni, jua likianza kuinamia mashamba ya pamba, wanawake wa jirani walikuja mlangoni kwa Bibi, kila mmoja na kigae chake cha chungu kilichovunjika, kuomba kaa la moto. Moto wa Bibi haukuzimika. Kila usiku aliufunika kwa majivu, na asubuhi akaufunua taratibu kama mtu anayemfunua mtoto shuka. Mtu hakuchukua kaa akaondoka hivihivi, ingekuwa utovu wa adabu. Alichutama kidogo mlangoni, akasema ng'ombe wa fulani amezaa, binti wa fulani amerudi kwao, dukani kumeletwa khanga lakini ni za watu wanaojuana. Mimi nilikuwa ndani nikisonga ugali wa uwele na kuyasikia yote. Elimu yangu ya dunia niliipatia pale, nyuma ya migongo ya watu waliochutama.

Jiko lenyewe lilikuwa kibanda cha udongo, paa la nyasi, mlango mmoja wa kuinama, dirisha hakuna. Kuni kwetu zilikuwa za kutafutwa kwa tochi mchana. Tulipikia miti ya pamba iliyong'olewa shambani, na ikiisha tulipikia mavi makavu ya ng'ombe. Moshi wake ulikuwa mzito, ulikaa ndani kama mgeni asiyejua kuaga. Ukuta ulikuwa mweusi wa kung'aa. Na macho ya Bibi yalikuwa mekundu, yanatoka maji wakati wote, kope zimeliwa. Aliyezaliwa kwetu hahitaji kuelezwa zaidi, lakini kwa ajili ya wengine nitasema wazi: katika nchi yetu ajuza mwenye macho mekundu alisemwa ni mchawi, na walikuwepo waliokatwa mapanga kwa sababu ya macho tu. Bibi alijua. Alipokwenda gulioni aliteremsha khanga mpaka usawa wa nyusi, na alipoulizwa alisema jua kali.

Dokta Kusum alikuja mwanzoni mwa kiangazi ndani ya Landrova iliyojaa masanduku. Alikuwa mwanamke mwembamba wa makamo, nywele amesuka msuko mmoja mrefu mgongoni, viatu vya turubai. Watu walisogea kutazama Mhindi anatafuta nini kwetu. Yeye akapita katikati yao moja kwa moja hadi kwa Bibi, akainama, akamgusa miguu. Bibi aliruka kama aliyekanyaga siafu.

"Inuka, utachafuka!"

"Mwangaluka, mayu," Kusum alisema, bado ameinama. Habari ya asubuhi, mama.

Bibi alimshika kidevu, akamgeuza uso huku na huku. "Mwangaluka, ng'wanawane," alijibu, yaani mwanangu, kisha akaanza kucheka na kulia kwa pamoja. Kabla sijazaliwa Bibi alikuwa yaya katika nyumba moja ya wafanyabiashara mjini Shinyanga, na huyu ndiye mtoto aliyembeba mgongoni. Kisukuma cha Kusum kilikuwa cha dukani kwao: alijua vizuri kupima, kupunguza na kukataa, mengine yote aliyajaza kwa Kiswahili. Mama Masanja, jirani yetu wa ukuta kwa ukuta, alisema, "Mgeni njoo, mwenyeji apone." Tulicheka. Hatukujua kwamba kabla ya kupona tungeugua kwanza.

Tulimpa chumba cha akiba, tukasogeza magunia ya michembe, vile viazi vitamu vilivyokatwa na kukaushwa, naye akalala kati ya magunia na masanduku yake na kusema harufu ile inampa usingizi. Nyama hakula. Bibi alikumbuka bila kuambiwa. Alimpikia dengu, na nsansa, majani makavu ya kunde, kwa karanga za kutwanga. Kusum alileta kopo la achari ambalo Bibi alilionja kwa ncha ya ulimi, akafumba macho, akasema kwa hakika hiki chakula kimemkasirikia mtu. Toka siku ile hakula ugali bila achari. Walipokuwa wawili walizungumza mambo ya nyumba ile ya zamani, cherehani barazani, paka aliyezaa ndani ya bunda la khanga. Mimi nilikuwa na wivu kidogo. Nilikuwa nimezoea kuwa peke yangu katika moyo wa Bibi.

Mchana alikwenda mashambani. Msimu ule wakulima walitakiwa kung'oa miti ya pamba na kuichoma ili wadudu wasibaki, na wafugaji nao walichoma nyasi mbugani ili zichipue upya, kwa hiyo upeo wote wa macho ulikuwa na nguzo za moshi. Kusum alikuwa na chupa za chuma ambazo hewa yake ilikuwa imenyonywa yote huko zilikotoka. Alisimama karibu na moto, akafungua koki, na hewa ikaingia yenyewe kwa pupa, fyuuu. Aliinamisha kichwa kuusikiliza ule mlio kama mama anayesikiliza mtoto akinyonya. Jioni alituonyesha chupa zilizojaa, ambazo kwa macho hazikuwa na tofauti na zile tupu, na Bibi alimwonea huruma.

"Umetoka Ulaya kuja kuchota hewa? Kwani huko haipo?"

"Ipo, Mayu. Haina moshi wa kwetu."

"Moshi una kazi gani? Ukishatoka, umepotea."

"Haupotei," Kusum alisema. "Unahama tu."

Bibi alilitafakari neno hilo akitafuna. Baadaye nilimsikia akimwambia Mama Masanja mlangoni kwamba mtoto wake amesoma mpaka anajua moshi unakohamia. Mama Masanja akacheka hadi kaa likamdondoka kwenye kigae. Huo ndio ulikuwa urafiki wao. Waliolewa kijiji kimoja, wakalima bega kwa bega, na hakuna jioni ninayoikumbuka ambayo Mama Masanja hakuja kuomba moto. Nadhani hata alipokuwa na moto wake alikuja.

Katikati ya kiangazi Masanja alirudi. Alikuwa kijana wa nguvu, mcheza ngoma, aliyekwenda kuchimba dhahabu huko Kharumwa na machimbo mengine ya upande wa Geita, na mama yake alikuwa amejisifu sana kwa ajili yake. Aliteremka kwenye lori akiwa mtu mwingine. Mikono ilitetemeka. Ukimpa uji, nusu ulimwagikia kifuani. Fizi zilimtoka damu, alisahau alichokuwa anasema, na yeye aliyekuwa mpole alikasirika kwa jambo la kuchekesha. Mama yake alimpeleka zahanati akapewa vidonge, kisha akampeleka kwa mganga. Mganga alimwambia tu kwamba kikulacho ki nguoni mwako. Kwa mtu mwenye hofu, maneno hayo yanatosha. Jioni ile Mama Masanja alikuja kuchukua moto kama kawaida, lakini hakuchutama.

Na Kusum, masikini, ndiye aliyeimwagia hofu ile mafuta ya taa. Alikuwa ameingia jikoni kumsaidia Bibi, akatoka mbio anakohoa, amejishika kifua. "Mayu, kule mbugani nasimama upande wa upepo," alisema. "Wewe humu huna upande." Kesho yake akaweka jikoni mashine yake ndogo, pampu iliyoendeshwa na betri ya gari, yenye karatasi nyeupe ya duara mdomoni. Ilinguruma siku nzima ikivuta hewa ya jikoni. Jioni alipoitoa ile karatasi ilikuwa nyeusi kama kitako cha chungu. Moyo ulimjaa uchungu, nilimwona. Na wanawake walikuwa mlangoni na vigae vyao, basi akawatokea na karatasi ile juu ya kiganja akiwaambia, "Tazameni! Hiki nimekitoa humu ndani. Hiki ndicho alichonacho Mayu kifuani miaka yote hii!"

Alitaka wamhurumie. Lakini hebu kaa ulipokaa Mama Masanja. Kwetu, mtu akihisi amerogwa, huitwa fundi mwenye vifaa vyake. Anaingia ndani ya nyumba ya mtuhumiwa, anatafuta, anatoka na kitu cheusi mkononi, na watu wanakiona kwa macho yao. Kusum alikuwa amefanya hivyo hivyo, hatua kwa hatua, na kwa mashine ya Ulaya juu yake. Mama Masanja aliitazama karatasi. Akamtazama Bibi, ambaye alikuwa akitabasamu kwa kuwa hakuelewa bado, machozi ya moshi yanamtiririka. Kisha akageuka na kuondoka na kigae chake kitupu, na wenzake wakamfuata.

Kesho yake jioni hakuja mtu. Bibi alikuwa amechochea moto mkubwa, amepanga makaa mazuri pembeni kama muuzaji anavyopanga nyanya. Tulikaa. Jua likazama. Tuliona moshi ukipanda nyumba ya tatu, kwa hiyo kuna mtu alikuwa ametafuta moto mbali kuliko kuja kwetu. "Wameacha kuomba moto," Bibi alisema, akayafunika makaa yake moja baada ya jingine. Kusum aliuliza kuna nini, nikamweleza huko nje, kwa ukali, maana nilikuwa na hofu na hofu yangu siku zote hutokea mdomoni ikiwa hasira. Nilimwambia wamemwona yeye ni fundi na Bibi ni mchawi aliyepatikana. Alikaa chini mavumbini.

Lisemwalo lipo, na kama halipo laja. Watoto walianza kukimbia Bibi akipita. Kijana mmoja niliyesoma naye alimuuliza kisimani, mbele za watu, atawamaliza lini. Baba yangu mdogo aliyekuwa Geita akatuma mtu kuja kumchukua, naye Bibi akakataa. "Nikihama nimekiri," alisema. "Nikikaa, basi watakuja. Lakini watanikuta kwangu." Alisema hivyo akichambua mlenda, wala mkono haukusita. Mimi sikuweza kula siku ile. Mpaka leo nikiona mtu anachambua mlenda kwa utulivu namna ile, huinuka nikatoka nje.

Kusum alianza kueleza. Ndivyo wasomi walivyo, wakiharibu kwa maneno wanatengeneza kwa maneno. Alikwenda kwa Masanja akakaa naye, akamuuliza huko machimboni walikuwa wakisafisha vipi dhahabu. Masanja alisema wanachanganya na zebaki, inanasa dhahabu, kisha wanachoma kwenye kibati zebaki iondoke. Wanachomea wapi? Ndani ya kibanda wanamolala, mlango umefungwa, kwa kuogopa wezi na askari. Kusum alifumba macho. Nilikuwepo, nilimsindikiza, kwa hiyo yaliyofuata niliyasikia kwa masikio yangu.

"Mama Masanja, zebaki haikuondoka. Iligeuka moshi, na mwanao ameuvuta. Asirudi kule. Akikaa hapa mikono itatulia, polepole."

"Mbona yeye hajasema habari za moshi?"

"Huo hauonekani."

"Hauonekani, unaingia mtu ndani, unamtetemesha," Mama Masanja alisema. "Sasa Dokta, uchawi ni nini?"

Kusum aliaga, tukatoka. Akaja na shauri jingine: aiweke mashine katika kila jiko la kijiji, waone kwamba kila karatasi itatoka nyeusi. Lilikuwa shauri la akili sana. Hakuna mwanamke aliyekubali. Nani atamfungulia mlango fundi aje kumtolea kitu cheusi nyumbani kwake? Alizunguka nyumba kwa nyumba, wakamkaribisha, wakampa maziwa ya mgando, wakamwambia mume hayupo.

Jioni ile aliporudi aliingia chumbani kwake asitoke. Bibi akamfuata na kichupa cha mafuta ya nazi. Ukuta wa udongo hauna siri; nilikuwa upande wa pili napepeta mtama, nikasikia Bibi akimwambia akae aufungue ule msuko, ampake mafuta kichwani, kama nadhani alivyofanya zamani. Halafu nikasikia Kusum anasema kwa sauti ya mtoto, "Nimekuponza, Mayu."

"Ulikuwa unanikojolea mgongoni," Bibi alisema, "nami nikafua. Na hili tutafua."

Sijui kama hayo maneno ndiyo yaliyompa wazo. Asubuhi yake Kusum alifunga mashine na chupa zote ndani ya masanduku. Akavua viatu, akajifunga khanga ya Bibi, akaingia jikoni. Akasema kuanzia leo anapika yeye. Bibi alipinga, akasema mgeni hapikishwi, akasema atapofuka. Kusum alikuwa tayari amepiga magoti mbele ya mafiga, anapuliza miti ya pamba. Akapika asubuhi, mchana na jioni. Ugali wake mwanzoni ulikuwa na madonge ya kutosha kujengea, tukala. Chakula kilipokuwa tayari hakutoka. Alikaa palepale kwenye moshi na Bibi, wanamenya, wanachambua, wanapiga soga. Dereva wa ile Landrova alikuja kila siku kumwambia mbuga fulani inawaka leo, upepo ni mzuri, twende. Alimjibu kesho. Mioto aliyoifuata kutoka Ulaya, aliyoiombea fedha na ruhusa kwa miaka, iliwaka na kuzimika bila yeye. Mtangazaji wa redio hilo hakulijua. Mimi nililiona, na nilianza kumpenda hapo, nikauacha wivu wangu.

Macho yake yaliwasha kwanza, kisha yakavimba, kisha yakawa mekundu. Kope zikaanza kushikamana asubuhi, ikabidi nimwoshe kwa maji ya uvuguvugu. Mwezi ulioandama alipoingia jikoni ulikwisha, mwingine ukaandama, ndipo akajitazama kwenye kioo chake kidogo, akasema, "Sasa twende gulioni."

Gulio la Mhunze lilikuwa limejaa. Kusum alimshika Bibi mkono, vidole ndani ya vidole, na akamwondolea ile khanga usoni, akaifunga shingoni. Mimi nilikuwa nyuma yao na kapu. Watu walitupisha kuliko ilivyohitajika. Kijana mmoja akasema kwa sauti, "Sasa wamekuwa wawili," na hakuna aliyecheka, na hilo ndilo lililonitisha zaidi. Tulipita mpaka alipokaa Mama Masanja na rundo lake la michembe. Kusum alikaa chini mbele yake, vumbini, Bibi akabaki amesimama.

"Shikamoo, Mama Masanja."

Mama Masanja aliendelea kupanga michembe yake. "Marahaba."

"Nitazame macho. Nilipofika mliniona, yalikuwa meupe. Sijafanya jambo jingine ila kupika na Mayu. Kama haya ndiyo macho ya mchawi, basi mimi nimekuwa mchawi, na kama anauawa tuueni sote wawili hapa hapa mchana. Mimi sina macho mengine."

Mama Masanja aliweka chini kikombe chake cha kupimia, akamshika Kusum kidevu, kama Bibi alivyofanya siku ile ya kwanza, akamgeuzia uso kwenye mwanga. Kwa kidole gumba alimvuta kope ya chini.

"Yanawasha?"

"Kama pilipili."

"Asubuhi yanagandana?"

"Minza ananiosha kwa maji ya uvuguvugu," Kusum alisema, akinionyesha mimi.

Mama Masanja alimwachia. Akayafuta macho yake mwenyewe kwa pembe ya khanga, na ndipo sote tuliokuwa karibu tukayaona, wala sijui kwa nini hatukuwa tumeyaona kabla. "Hata yangu yanagandana," alisema polepole. "Nilikuwa sijamwambia mtu." Alinyanyua uso kumtazama Bibi, rafiki yake, aliyesimama juani uso wazi. "Mayu Kabula," alisema, "ulikuwa unatumia nini, maji matupu?" Bibi alijibu maji na chumvi kidogo sana. Wakaendelea hapo, wanawake wawili wazee, kuulizana mambo ya macho, mpaka mteja akauliza kama michembe inauzwa au haiuzwi.

Jioni ile Mama Masanja alituma kuita mashine. Ilikaa jikoni kwake siku nzima iliyofuata, na ilipozimwa alimkataza Kusum kuitoa karatasi, akaitoa mwenyewe. Aliiinua juu watu waione. "Weusi wa kwangu umeshinda wa Mayu!" alisema, akaangua kicheko chenye kilio ndani yake. Baada ya hapo wanawake waligombania zamu. Kusum na Bibi walitoboa paa la jiko letu, wakakata debe la mafuta ya taa kufunika tundu ili mvua isiingie na moshi utoke, na Bibi alilalamika mwezi mzima kwamba jiko limekuwa na baridi kama kanisa. Mama Masanja akaja kutazama, akataka na lake. Siwezi kusema imani ile iliisha kwetu. Haikuisha; vijiji vingine viliendelea kuzika ajuza wao. Nasema tu kwamba kwetu haikumchukua Bibi.

Mvua za kwanza zilikuwa zimenyesha. Kusum alikuwa anafunga mizigo, chupa nyingi bado tupu, na tulikuwa watatu jikoni tuliposikia hodi. Hakuwa Mama Masanja. Alikuwa Masanja mwenyewe na kigae. Tangu arudi mama yake hakumruhusu kukanyaga kwetu.

"Hodi, Mayu. Mama ameniagiza moto."

Bibi alichagua kaa kubwa, jekundu, akaliweka juu ya kigae kwa vidole vyake visivyosikia moto. Masanja alisimama, akapokea kwa mikono miwili. Ilitetemeka. Aligeuka, akaanza kuvuka uwanja uliolowa, na sisi tukajazana mlangoni tukimtazama mgongo, Kusum amenishika bega kwa nguvu mpaka linauma. Kigae kilicheza, kikacheza tena. Kaa halikuanguka. Alipoingia kwao tulisikia mama yake akipiga kigelegele. Bibi alirudi ndani, akageukia ukuta, akasema tundu hili halifai kitu, moshi bado upo.

Bibi alifariki miaka mingi baadaye, kitandani kwake, mchana, mimi nikimshika mkono, macho yake mekundu yamefumba. Kusum alikuja kutuona tena akiwa amekwisha kuwa mtu wa majina makubwa, akala achari na ugali, akaomba alale kwenye magunia. Sasa naye amekwenda. Redio ilisema mwili wake ulichomwa kwa desturi ya watu wake, na nilipokwisha kulia nilikumbuka: haupotei, unahama tu.

Nilitaka kukaa tanga, lakini utakaa vipi tanga la mtu asiye ndugu, aliyefia ng'ambo? Wajukuu walinitazama kwa mashaka. Alasiri nikasikia hodi. Masanja, mzee mwenzangu sasa, mikono inamtetemeka tena, safari hii kwa uzee tu, alikuwa amesimama uani na mzigo wa miti ya pamba mikononi, maana kwetu mfiwa hupelekewa kuni. "Nimesikia redioni," alisema. "Pole, Minza." Aliiweka chini, akaenda kwa jirani kuomba kaa. Tuliwasha moto palepale nje, tukakaa karibu mno, upande ambao upepo ulileta moshi wote kwetu, na wala hatukuhama. Majirani walipoanza kufika mmoja mmoja kutupa pole, walitukuta tumekaa hivyo, macho yetu mekundu, na hakuna aliyeuliza kwa nini.